Simu ya Shangazi Mwajuma Imezimwa

Oktoba 2

Mvua imeanza leo, mapema kuliko walivyosema redioni. Bati la chumba changu hapa Hamugembe linavuja pale pale lilipovuja mwaka jana, juu ya meza, kana kwamba linajua nina kompyuta moja tu.

Kaka yangu Najibu amekuja kutoka Kemondo na sangara wawili na neno moja. Sangara nimewapokea, neno limenikaa kooni. Anasema miaka minne ya chuo na miwili ya kukaa nyumbani inatosha. Ameshazungumza na mwenye duka la pembejeo Muleba, nafasi ya kuuza mbolea na mbegu ipo, na mwenye duka atanisubiri. "Senene wakiisha na huna kazi, unakwenda," alisema. Msimu wa panzi hao wa kuliwa huisha Desemba. Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua uso.

Sina ugomvi na mbolea. Lakini nilichosomea ni kuendesha zile kompyuta zilizo mbali ambazo kampuni hukodi badala ya kununua mashine zao, zile watu wa fani yetu wanaziita wingu, na bado naamini yupo mtu atakayenipa kazi hiyo. Imani yenyewe imechoka, ila haijafa.

Oktoba 4

Kagaruki, tuliyesoma naye, yuko Dar kwenye kampuni ya kazi hiyo hiyo. Nilimtumia vyeti vyangu vyote. Amenijibu kwa ujumbe wa sauti: "Salma, vyeti kila mtu anavyo. Nijengee kitu kinachofanya kazi, kitu ambacho kikizimika kuna mtu atalia. Hapo nitakuwa na cha kuwaonyesha wakubwa zangu."

Nimeshinda nikifikiria ni nani atalia.

Oktoba 5

Mvua. Umeme hakuna.

Oktoba 9

Nimepata cha kujenga, na sikwenda mbali kukitafuta.

Mwezi wa nane Babu, baba yake Mama, alifariki Maruku baada ya swala ya alfajiri. Sisi hatulazi maiti. Kabla ya magharibi alikuwa ameshazikwa kibanjani, kwenye shamba lake la migomba. Siku hiyo Mama alikuwa Kagoma kwa Shangazi Mwajuma, dada yake marehemu baba yangu, wakitayarisha shamba la maharage. Simu ya Mama ilikuwa mbovu, hivyo waliompigia walipiga ya Shangazi. Ya Shangazi ilikuwa imezimwa. Huizima ili chaji isiishe, halafu husahau kuiwasha, na ukoo mzima unajua. Habari ilipowafikia, jua lilikuwa limekwisha kuinama. Mama alifika Maruku akawakuta wanaume wanaosha majembe.

Hakuuona uso wa baba yake. Tangu siku ile hamtaji wifi yake kwa jina, na Shangazi hajavuka kizingiti chetu. Kosa ni la simu, lakini simu hainuniwi.

Basi najenga mfumo wa kupeleka habari za msiba. Mtu wa nyumba iliyofiwa anatuma ujumbe kwenye namba moja, na zile mashine za mbali zinausambaza kwa ndugu wote, Bukoba mpaka Muleba. Simu ya mtu ikiwa imezimwa, mfumo hauchoki: unajaribu tena na tena, na unampelekea jirani yake pia.

Nimemwambia Mama. Akasema, "Sawa," akaendelea kukoroga uji.

Oktoba 15

Asubuhi natoa fotokopi kwenye duka la Vipul, Mhindi wa hapa mjini. Mchana wateja wakipungua ananiachia nikae chumba cha nyuma na kompyuta yangu, kwa kuwa jenereta lake linanguruma hata mtaa mzima ukiwa kiza. Ananiachia kwa manung'uniko. "Salma, wewe unakunywa mafuta kuliko pikipiki," anasema, kisha anamgeukia bibi aliyekuja kununua daftari na kumsemesha Kihaya safi kuliko changu. Mzee mgumu. Duka zima ni yeye na mkewe Madhuben. Binti yao Shital yuko Uingereza, na sijawahi kumsikia akipiga simu.

Leo nimewasha mashine ya kwanza, ile wanayotoa bure kwa wanaojifunza. Imezimika, nimeiwasha. Imezimika tena. Macho yananiuma.

Oktoba 20

Nimetoka Kagoma kukusanya namba za ndugu. Matope hadi kwenye vifundo. Shangazi nilimkuta barazani, miguu imevimba. Ana presha, na dawa humeza anapokumbuka.

"Kasinge waitu, Shangazi," nikamsalimia kwa Kihaya.

"Kasinge, omwana wange. Mbona umekonda? Hiyo kompyuta inakula watu?"

"Nimekuja kuchukua namba yako."

"Namba yangu unayo."

"Ninayo, lakini simu umeizima."

"Nimeizima kwa sababu siitumii. Taa usiyoitumia unaiacha iwake?"

Aliniletea ndizi na maharage, akanisimamia mpaka nikamaliza. Nilipoaga akasema, "Msalimie mama yako." Nikafika njiapanda akaniita kwa sauti. "Usimsalimie. Mwambie tu maharage yake yameota vizuri."

Nimemwambia Mama hivyo hivyo. Alitoka nje kuanua nguo, na nguo zilikuwa zimeshaanuliwa.

Oktoba 23

Nimefuta kazi ya siku tatu kwa kubofya mara moja. Sitaki kuandika zaidi.

Novemba 2

Mfumo unafanya kazi. Nimeugawa pande mbili, kama Kagaruki alivyonielekeza. Upande halisi una namba za ndugu wote na hauguswi ovyo. Upande wa majaribio una namba mbili tu, yangu na ya pili ya duka la Vipul, na huko naweza kuharibu nitakavyo. Nilituma habari ya kifo cha Fulani bin Fulani, simu zote mbili zikalia. Nilizima moja. Mfumo ukaandika kwenye skrini: Imezimwa. Najaribu tena. Nilipoiwasha, ujumbe ukaingia.

Nilitamani kumwonyesha mtu. Vipul alikuwa amesinzia kwenye kiti.

Novemba 9

Senene wameanguka. Mji mzima uko nje na ndoo na mifuko, watu wazima wanakimbizana kwenye majani kama watoto. Mama amekaanga, nyumba inanukia. Najibu amepiga simu. "Senene wameanza, Salma," akasema, kwa sauti ya hakimu.

Novemba 14

Sijui nianzie wapi. Nitaanzia asubuhi.

Asubuhi Shangazi alinipigia kwa simu ya jirani, kunichokoza. Ananyonyoa senene, anasema, na hakuna binti wa kumsaidia. "Nani atamuoa msichana asiyejua kunyonyoa senene, anashinda anabofya?" Siku nyingine ningecheka. Leo nilikuwa nimechoka, jana umeme ulikatika nikiwa katikati ya kuurekebisha upande wa majaribio, wote ukaharibika, na nilikuwa naujenga upya. Nilikata simu kwa hasira.

Ili niwahi, nilinakili mipangilio ya upande halisi nikaibandika upande wa majaribio. Kuna mstari mmoja unaosema namba zichukuliwe wapi. Ule nilipaswa kuubadilisha. Sikuubadilisha.

Kagaruki alikuwa amenionya kwamba Fulani bin Fulani ni jina fupi. Jina refu na salamu kamili huukata ujumbe vipande viwili, kwa hiyo nijaribu kwa ujumbe kama utakavyokuwa kweli. Nikaandika jina la kwanza lililonijia, na lilinijia kwa sababu ya hasira: *Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mwajuma binti Kassim wa Kagoma amefariki dunia. Maziko ni leo saa kumi alasiri.* Nikatuma. Simu yangu ikalia. Nikafurahi kwamba ujumbe haukukatika, nikaenda mbele kutoa fotokopi, kulikuwa na foleni ya wanafunzi.

Saa sita Najibu akapiga. Nilisikia upepo na injini. "Niko njiani," akasema. Sauti yake ilikuwa imevunjika. "Samaki nimewaacha Kemondo. Amekufa saa ngapi? Mbona hukunipigia mwenyewe?"

"Nani?"

"Salma. Shangazi."

Nilikimbia nyuma. Skrini ilikuwa imejaa: Umefika. Umefika. Umefika. Ndugu wote, mmoja chini ya mwingine, wa Maruku, wa Kemondo, wa Muleba. Mstari mmoja tu ulikuwa tofauti: Mwajuma Kassim, Kagoma. Imezimwa. Najaribu tena.

Nilituma ujumbe wa kukanusha. Nani anasoma simu akienda msibani? Nilimpigia Mama, hakupokea. Nilimpigia Shangazi kama mjinga, huku nikijua. Vipul alikuja mwenyewe kutazama, akasoma skrini, akasema neno moja la Kihindi ambalo sikulielewa. Kisha akawatoa wanafunzi, akafunga duka mchana kweupe, akanipakia kwenye pikapu yake. Njia nzima hakunigombeza. Pale Muleba mjini alisema tu, "Baba yangu alipokufa, nilituma simu ya maandishi. Ndugu walifika baada ya wiki."

Kagoma uani kulikuwa kumejaa. Mikungu ya ndizi imerundikwa. Majirani wote wameweka majembe chini, kwa kuwa kwetu hakuna anayelima wakati maiti haijazikwa, na hii ni wiki ya kupalilia. Katikati ya watu wote amekaa Shangazi Mwajuma, mzima, na ungo wa senene magotini. Chini kando yake amekaa Mama, kitenge kimelowa matope mpaka kiunoni.

Nimesimuliwa na Najibu. Mama ndiye aliyetangulia. Alianza kulia tangu barabarani, kwa sauti, yeye ambaye kwa Babu hakupata nafasi ya kulia. Shangazi akatoka jikoni na mabawa ya senene mikononi, akauliza, "Wifi, nani amekufa?" Mama akakaa chini papo hapo, kwenye tope. Halafu akainuka, akavua mtandio, akaanza kumchapa nao Shangazi begani. "Washa simu yako! Washa simu yako!" Na wote wawili wakawa wanalia.

Baba mdogo alinisimamisha mbele ya watu. "Kifo si kitu cha kujaribia," alisema. Niliomba radhi, nikaomba tena. Baadhi waliondoka bila kuniangalia.

Shangazi akapiga makofi. "Ndizi zimekuja, zipikwe. Mimi sijafa, lakini njaa ninayo."

Novemba 15

Nimezima mashine zote. Ijumaa, nami sikutoka nje.

Novemba 20

Shangazi ameniita. Nilikwenda nikijua ninakwenda kukemewa. Amenipa ungo na rundo la senene, tukawa tunanyonyoa.

"Nimewaona walionililia," akasema. "Si kila mtu anapewa hiyo. Baba yako mdogo alikuja na ndizi za pombe. Maziko ya Mwislamu, ndizi za pombe! Nimemwekea deni."

Nikamwambia nimeufunga mfumo, nitakwenda kuuza mbolea. Akaacha kunyonyoa.

"Umeufunga kwa nini?"

"Hakuna atakayeuamini tena."

"Hawatauamini kwa sababu hauna mtu. Zamani habari ya msiba ililetwa na mtu unayemjua. Unamwona anakuja, unamjua uso, kabla hajafungua kinywa umeshajua. Wewe umeleta maandishi. Maandishi yana uso?"

Nilimwambia uso hauwezekani, ila sauti inawezekana. Mfumo unaweza kupiga simu, na mtu akipokea asikie sauti.

"Basi weka yangu. Mimi ndiye uliyeniua, wakinisikia watajua hapa hakuna mchezo."

Ndiye huyu niliyemwona kila siku kama mzee wa kunichokoza tu. Akaongeza sharti: mfumo usiseme lolote mpaka watu wawili wathibitishe, mmoja wa nyumba iliyofiwa na mmoja wa msikitini. Hilo Kagaruki hakunifundisha. Nilirekodi barazani, mvua ikiwa imepumzika: "Mimi Mwajuma binti Kassim wa Kagoma, nasema kwa kinywa changu. Mtu wetu ameondoka. Tulia, usikilize jina lake."

Alitaka kurudia. Alisema amesikika kama mzee.

Novemba 28

Mzee mmoja wa ukoo amefariki Maruku. Wawili walithibitisha, sauti ya Shangazi ikatoka. Wote waliwahi. Baba mdogo amenipigia, hakusema asante, amesema, "Nimeipata." Inatosha.

Desemba 3

Kagaruki amewaonyesha wakubwa zake. Usaili ni tarehe kumi na mbili, saa nne asubuhi, kwa video. Nitakuwa nyuma ya duka. Vipul amepangusa ukuta wa nyuma yangu na kuondoa maboksi. Kisha akanipa kikaratasi chenye namba ndefu ya Uingereza. "Ya Shital," akasema. "Siku yangu ikifika. Sisi tumebaki wachache hapa, nani atampigia?" Nimeiingiza. Sijui kwa nini nilimwona mgumu.

Desemba 7

Mvua inapungua. Senene sokoni ni wa kubahatisha. Najibu anatazama tu ndoo tupu.

Desemba 13

Jana saa mbili na nusu nilikuwa nimeshavaa, nimeshakaa, kamera imeshajaribiwa. Najibu akapiga kutoka Kagoma. Alikwenda kununua ndizi, akapita kumsalimia Shangazi. Alimkuta kwenye mkeka wake wa swala. Hakuna sauti ya mtu anayelia kwenye simu ambayo inafanana na ya kaka yako.

Uthibitisho wa kwanza ukaingia, wa Najibu. Ukaingia wa pili, wa imamu. Mfumo ulikuwa tayari kupiga. Na sauti iliyokuwa humo ni ya Shangazi: mimi Mwajuma, nasema kwa kinywa changu.

Niliuzuia. Nikafungua kinasa sauti. Mara ya kwanza sikuweza. Mara ya pili nililia. Madhuben alikuja akanishika mabega kwa nyuma, akabaki hapo. Nikasema: "Mimi Salma, binti wa kaka yake. Nasema kwa kinywa changu, na safari hii ni kweli. Shangazi Mwajuma wa Kagoma ametutoka. Maziko ni leo baada ya adhuhuri. Njooni." Nikatuma.

Nilimwandikia Kagaruki kwamba sitakuwepo. Zilikuwa zimebaki dakika chache kufika saa nne. Nilifunga kompyuta. Vipul alikuwa ameshawasha pikapu, na Mama, aliyekuja mbio kutoka nyumbani, yuko ndani.

Njiani nilikuwa nawaza lile ambalo hakuna aliyelisema kwa sauti: kwamba nilipomtangazia kifo cha uongo nilimwita, na ameitika. Nilimwambia Mama. Akasema, "Siku zake ni za Mungu, hazikuwa kwenye kompyuta yako." Nimejaribu kuamini. Leo naamini kidogo.

Walikuja wote. Mpaka wale walioondoka siku ile bila kuniangalia walikuja. Majembe chini, mikungu ya ndizi, na baba mdogo safari hii ameleta ndizi za kupika. Wanawake waliingia ndani kumwosha. Mama alikunja mikono ya gauni, akaingia nao, na ndiye aliyemwosha kichwa. Alipotoka vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji. Alikaa karibu yangu ukutani.

"Leo nimewahi," akasema.

Desemba 14

Najibu: "Senene wameisha, Salma." Hakulisema kwa ukali. Alikuwa amechoka kama mimi.

Desemba 19

Walinipa saa nyingine, leo. Watu watatu na Kagaruki pembeni. Sikuwa na woga. Woga pia unahitaji nguvu. Nilieleza pande mbili, nikaeleza siku ya kumi na nne Novemba bila kuificha, nikaeleza wathibitishaji wawili na sauti. Kisha nikawaonyesha kazi ya mwisho ya mfumo. Umefika, umefika, umefika.

Mama mmoja katika wale watatu akasogea karibu na kamera. "Kuna mmoja bado haujamfikia. Mfumo unajaribu tangu wiki iliyopita. Huyu ni nani?"

Nilitazama. Mwajuma Kassim, Kagoma. Imezimwa. Najaribu tena.

"Ni marehemu mwenyewe," nikasema. "Naye alikuwa kwenye orodha ya ndugu."

Yule mama akavua miwani.

Kagaruki amepiga alasiri. Ninaanza Januari, miezi mitatu ya majaribio, kazi nitaifanyia hapa hapa Bukoba. Najibu amesema atamwambia mwenye duka la mbolea, akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Vipul amesema sasa ninunue mafuta ya jenereta mwenyewe. Mama amesema, "Itoe ile namba. Isije siku ikapokelewa."

Nimefungua orodha. Kidole kipo juu ya jina lake. Nimeuacha mfumo ujaribu mara moja zaidi, nikasikiliza. Imezimwa.

Nimeifuta.